Sifuri tatu kwenye zoezi moja la Excel: uchambuzi wa kisa kimoja cha kozi ya kompyuta mtandaoni

Kisa hiki nakiandika chote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kila nikikisimulia nusu watu wananijibu aah huyo mwanafunzi alikuwa hajui kompyuta tu. Si kweli. Alifanya kila hatua kama video ilivyomwelekeza na bado akala sifuri tatu kwenye zoezi moja, na sisi wakufunzi tukakaa wiki mbili tunafungua mafaili yake bila kuona tatizo liko wapi, mpaka mmoja wetu akaanza kutumia neno udanganyifu.

Kozi yenyewe ni ile ya utangulizi ya kompyuta na programu za ofisi, ya chuo, inasomwa yote mtandaoni. Unaanza na Windows, mafaili na folda, unakuja Word, unakuja Excel, unamaliza na PowerPoint. Hakuna darasa wala maabara, mwanafunzi anaangalia video, anapakua faili ya zoezi, anafanya kwenye mashine yake mwenyewe, anapandisha kazi, halafu mfumo unasahihisha wenyewe kwa kukagua seli moja moja: seli hii ina fomula? Jibu lake ni hili? Mkufunzi anaingia pale tu mfumo ukikataa kitu au mwanafunzi akiandika kulalamika.

Mwanafunzi wetu ni mama mtu mzima, kazi mchana, masomo usiku. Word alipita vizuri sana, karibu alama zote. Laptopu yake ni ya mkono wa pili, ila hilo tulikuja kulijua mwishoni kabisa na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Zoezi la tatu liko hivi. Unapewa faili ya CSV, yaani orodha ya maandishi matupu ambayo vitu vyake vimetenganishwa kwa koma, yenye vifurushi 30, kolamu ya kwanza namba ya kifurushi, ya pili aina, ya tatu uzito kwa kilo wenye desimali mbili. Utafute jumla kwa SUM, wastani kwa AVERAGE, kila mstari uweke fomula ya IF itakayoandika Nzito kama uzito umezidi kilo 5 na Nyepesi kama haujazidi, uchore grafu, usevu kama xlsx, ile aina ya faili ya Excel yenyewe, upandishe. Alama 20. Kwa wengi ni kazi ya saa moja hivi.

Mara ya kwanza mfumo ulimkatalia faili, ukasema aina hii ya faili hairuhusiwi. Akatutumia picha ya skrini, na kwenye picha jina la faili linasomeka kabisa kazi3.xlsx. Mwenzangu aliyekuwa zamu akaona jina liko sawa, akamjibu huenda mfumo una shida, jaribu baadaye. Baadaye ikafika, muda wa kukusanya ukaisha, sifuri ya kwanza hiyo.

Kumbe jina halisi lilikuwa kazi3.xlsx.csv. Windows ikitoka kiwandani inaficha kiambishi cha mwisho cha jina la faili, kwa hiyo mtu akiambiwa faili yako iwe xlsx anafanya kitu ambacho akili ya kawaida inamwambia, anabofya jina na kuandika xlsx mwishoni, na skrini inamwonyesha kazi3.xlsx, na ndani bado ni CSV ile ile. Hapo yeye hakukosea kufikiri, kompyuta ndo ilimwonyesha nusu ya jina.

Aliporuhusiwa kurudia nikamwandikia mimi mwenyewe afungue faili, aende Save As, achague Excel Workbook. Akafanya hivyo hivyo. Mfumo ukapokea, ukampa sifuri: hakuna fomula hata moja. Na hapa ndo CSV inapoumiza watu, kwa sababu CSV ni maandishi matupu, haiwezi kubeba fomula, haiwezi kubeba grafu, haiwezi kubeba shiti ya pili. Usiku ule wa kwanza alikuwa ameandika fomula zake, akachora na grafu, akabonyeza Ctrl+S akalala, Excel ikasevu matokeo tu na kutupa kila kitu kingine. Kile kimstari cha njano cha kuonya kuhusu kupoteza data kilitokea juu ya shiti, akakiona, akakifunga, maana kimeandikwa kwa namna ambayo mgeni hawezi kujua kwamba data inayotajwa ni kazi yake ya saa tatu. Kwa hiyo mimi nilipomwambia badilisha iwe xlsx nilimwambia aweke maiti kwenye sanduku zuri. Ushauri wangu ulikuwa sahihi kwa maneno na haukumsaidia kitu.

Mara ya tatu akarudisha faili ya xlsx ya kweli. Jumla sahihi, wastani sahihi, Nzito na Nyepesi zote 30 sahihi, na fomula hakuna, majibu yamechapwa kwa mkono. Halafu kwenye kolamu ya uzito kumejaa vitu vya ajabu, seli moja imeandikwa 3-Oct, nyingine May-60, zingine namba za kawaida lakini zimekaa kushoto. Mfumo ukampa sifuri ya tatu. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye maoni, soma maelekezo vizuri, kolamu ya uzito haihitaji tarehe. Na kwenye mazungumzo yetu ya ndani akasema huyu majibu kayatoa kwa mtu, maana jumla haiwezi kuwa sahihi wakati data iliyoko hapo juu ni tarehe.

Ukiisoma ile hoja kwa makaratasi tu, inasimama. Majibu sahihi juu ya data mbovu bila fomula, mtu yeyote angeshuka na wazo la kwamba yamenakiliwa. Mimi mwenyewe nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni meseji yake ya usiku ule, "Mwalimu samahani nakusumbua tena, mi nimefanya kama video lakini Excel yangu haitaki koma." Nilikuwa nimeisoma mara ya kwanza nikaipita, nikadhani anaongelea kuchapa. Kurudi kuisoma tena ndo nikashtuka. Haitaki koma.

Nikamwomba tuongee kwa simu ya video ashee skrini, na nikamwambia tuanze upya na faili ile ya mwanzo, mi sitagusa kitu, fanya kama ulivyofanya siku ile. Akabofya CSV mara mbili. Kila kitu kikajaa kwenye kolamu A, namba ya kifurushi, aina na uzito vimeshikana kwenye seli moja na koma katikati. Kwangu mimi faili hiyo hiyo inafunguka kolamu tatu safi. Nikamuuliza siku ile ulifanyaje, akasema nilitafuta, nikaona kuna kitu kinaitwa Text to Columns, nikachagua koma. Akakifanya mbele yangu, haraka, bila kusita, mtu ambaye tulikuwa tunabishana kama anajua kompyuta. Na palepale uzito ukageuka mbele ya macho yangu: 3.10 ikawa tarehe 3 Oktoba, 5.60 ikawa Mei 1960, 18.75 ikabaki 18.75 ila imekaa kushoto mwa seli.

Nikamwambia dada, chagua seli tupu yoyote, andika 18.75. Ikaenda kushoto. Andika chini yake 18,75 kwa koma. Ikaenda kulia. Na Excel namba inaiweka kulia, maandishi inayaweka kushoto, yaani kwake namba ilikuwa ile ya koma.

Tukafungua setingi za Windows upande wa Region, ikawa Ujerumani. Lugha ya skrini Kiingereza, kibodi Kiingereza, ila mpangilio wa namba na tarehe ni wa Kijerumani, alivyouacha mwenye mashine wa zamani. Hakuna mahali popote kwenye skrini palipomwambia.

Sasa tulieni hapa kidogo maana utajiri wa kisa chote uko hapa. Dunia haijakubaliana alama ya desimali. Wanaoandika moja na nusu kama 1.5 wapo, wanaoandika 1,5 wapo, na hata mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo na mizani mwaka 2003 ulipoliangalia suala hili ulisema zote mbili, nukta na koma, zikubalike. Kompyuta inafuata ile iliyowekwa kwenye setingi ya eneo. Kwa mpangilio wa Kijerumani koma ni ya desimali, na nukta inatenganisha siku na mwezi kwenye tarehe. Kwa kuwa koma imeshachukuliwa na desimali, haiwezi tena kutenganisha vitu kwenye orodha, kwa hiyo kazi hiyo wanaipa nukta mkato (;). Setingi moja tu, na angalia inavyovunja zoezi zima.

CSV yetu imetenganishwa kwa koma, Excel yake inatafuta nukta mkato, haizioni, inarundika kila kitu kolamu A. Akizitenganisha kwa mkono, Excel inasoma 3.10 kama siku ya 3 mwezi wa 10. Inasoma 5.60, inaona hakuna mwezi wa 60, inaamua ni mwezi wa 5 mwaka 60, yaani 1960. Inasoma 18.75, haipati siku na mwezi, haipati mwezi na mwaka, inakata tamaa na kuiacha kama maandishi. Na tarehe ndani ya Excel ni namba ya kuhesabu siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, kwa hiyo 3 Oktoba 2024 kwake ni 45568, na Mei mosi 1960 ni 22037. SUM inaruka maandishi kimya kimya bila onyo lolote. Matokeo yake akijumlisha uzito wa vifurushi anajumlisha zile tarehe tu, anapata mamia ya maelfu ya kilo.

Halafu IF. Video inasema andika =IF(C2>5,"Nzito","Nyepesi"), na Excel yake inataka nukta mkato badala ya zile koma mbili, kwa hiyo kila akibonyeza Enter inamwambia fomula ina tatizo. Alinieleza alivyohangaika, alidhani amekosea alama za nukuu, akafuta akaandika upya, akadhani nafasi, akafuta, akadhani herufi kubwa. Hiyo ndo ilikuwa "haitaki koma". Nikamwambia weka nukta mkato uone. Ikakubali, akaivuta mpaka chini, na vifurushi vyote 30 vikatoka Nzito.

Akanyamaza sekunde kadhaa halafu akasema, "Mwalimu, mbona hata cha kilo tatu ni kizito?"

Hilo swali nimelibeba mpaka leo, mwanafunzi anayenakili majibu haulizi swali hilo. Na jibu lake ni kwamba 3.10 ilishakuwa 45568, ambayo imezidi 5, na zile zilizobaki maandishi Excel inazihesabu kuwa kubwa kuliko namba yoyote ile, ndo sheria yake ya kulinganisha. Kwa hiyo zote nzito. Siku ile usiku, alipoona jumla haina maana, alifungua ile CSV kwenye Notepad, akaona uzito halisi, akachukua kikokotoo cha simu akajumlisha vifurushi 30 kimoja kimoja, akagawanya kupata wastani, akaandika Nzito na Nyepesi kwa mkono mstari kwa mstari. Ndo maana majibu yalikuwa sahihi. Kile tulichokiita ushahidi wa udanganyifu kilikuwa ni mtu aliyekataa kukabidhi jumla ambayo alijua ni ya uongo.

Kitu kingine kilichonitisha ni kwamba faili lisingeweza kutuambia haya hata tungelikagua mwezi mzima. Excel ikihifadhi fomula kwenye xlsx inaihifadhi kwa namna moja ya ndani, halafu inaionyesha kulingana na mashine inayofungua. Angeandika IF yake kwa nukta mkato akanitumia, kwangu ingefunguka na koma, safi kabisa. CSV yenyewe kwangu inafunguka vizuri. Sisi wote wakufunzi mashine zetu zina setingi ya nukta, kwa hiyo kila tukijaribu zoezi linakubali na tunazidi kuamini tatizo ni yeye.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya wanaoanza, wanasayansi wa jeni wamehangaika miaka na Excel kugeuza majina ya jeni kuwa tarehe. Jeni iliyokuwa inaitwa SEPT1 ukiichapa inakuwa Septemba mosi, MARCH1 inakuwa Machi mosi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina yenyewe, SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Watafiti wakubwa walibadilisha majina ya jeni kwa ajili ya jambo hili hili, na Microsoft waliweka setingi ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Mama wa watu na laptopu ya mkono wa pili tulimwandikia soma maelekezo vizuri.

Kurekebisha kwenyewe hakukuchukua muda. Wengi wanafikiri ukiona tarehe mahali pa namba unabadilisha format ya seli inarudi, hapana, ukibadilisha format unaona 45568, ile 3.10 imeshaondoka kwenye faili na hairudi. Lazima urudi kwenye faili ya mwanzo. Tukafungua shiti tupu, tukaenda Data, From Text/CSV, ambapo unaweza kuiambia Excel mapema kwamba kolamu hii ni namba na desimali yake ni nukta, kabla haijaanza kubahatisha. Nikamwonyesha pia pa kuwasha viambishi vya majina ya mafaili, kwenye File Explorer, View, Show, File name extensions, akaona kazi3.xlsx.csv yake kwa mara ya kwanza. Kuhusu Region nikamwachia achague mwenyewe. Kazini kwake wanatumia nukta, akabadilisha.

Nasema nikamwachia achague kwa sababu tulibishana kwenye kikao. Wenzangu walitaka tuandike kwenye maelekezo ya kozi kwamba wanafunzi wote wabadilishe Region iwe ya nukta, basi, yaishe. Nilikataa na bado nakataa. Mashine ni ya mwanafunzi, ina mahesabu yake mengine, na kama ofisini kwake wanatumia koma utakuwa umemwokoa kwenye zoezi letu na kumharibia kazi inayomlisha. Kozi ndo iwajue wote wawili, wa nukta na wa koma.

Tulichobadilisha ni haya. Zoezi la tatu sasa linatolewa kama xlsx, na CSV tumeihamishia kwenye somo lake peke yake ambapo inafundishwa kuingizwa, si kubofywa mara mbili. Video ya IF inaonyesha skrini mbili, moja koma na nyingine nukta mkato. Wiki ya kwanza kuna jaribio dogo la setingi kabla ya kitu chochote. Na ujumbe wa mfumo wa "hakuna fomula" umeongezewa maswali: faili yako imeishia na herufi gani baada ya nukta ya mwisho, na je, fomula ilikukatalia? Pia kwa upande wetu hakuna mtu kuandika neno udanganyifu kabla ya kuiona skrini ya mwanafunzi ikifanya kazi, yeye mwenyewe kwenye kibodi. Hili la mwisho lilipita kwa shida, maana simu ya video na mwanafunzi mmoja ni nusu saa na wanafunzi ni wengi. Ila zile wiki mbili za meseji, ukizijumlisha, zilikula masaa mengi kuliko nusu saa.

Neno lile lilifutwa kwenye rekodi yake. Nilimwomba radhi kwa maandishi, mwenzangu naye akamwomba kwa sauti, na akapewa nafasi ya nne. Alipata 18 kati ya 20, mbili zilikatwa kwenye grafu, alisahau kuandika majina ya mihimili, na hizo alistahili kukatwa.

Muhula uliofuata kijana mmoja kwenye grupu la wanafunzi aliandika kwamba Excel yake ni mbovu, inamgeuzia namba kuwa tarehe. Nilikuwa naandaa jibu refu. Kabla sijamaliza yule mama akawa ameshaingia: "Mdogo wangu usihangaike kufuta, kwanza andika 18.75 kwenye seli moja na 18,75 kwenye nyingine, halafu tuambie ipi imekaa kulia."